Mashine Niliyoikataza Kuuliza

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Kama una simu mbili, weka moja chini. Kama unasoma kwa hiyo hiyo moja, basi soma usirukeruke. Nataka kuwaambia habari ya kompyuta, mimi ambaye shule niliiacha darasa la tatu, nikaja kumalizia kusoma kwa ngumbaru nikiwa tayari nina watoto wa kuolewa. Msicheke. Hiyo kompyuta ilikaa nyumbani kwangu, ikala stima yangu, na ilinifanyia jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nabeba maji, naweka mtungi chini nangoja lipite.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu alikuwa Uarabuni. Aliniuliza kama arudi nyumbani, na kabla sijamjibu, mashine ikajizima. Na ilijizima kwa amri yangu mimi.

Binti huyo ni kitinda mimba wangu. Wengine waliolewa wakaenda, mwingine yuko Marsabit na kazi ya serikali, lakini huyu alibaki. Alikuwa anauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Asubuhi lori linashuka kutoka upande wa Garbatulla, madebe yamefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, na yeye na wanawake wenzake wanayapokea pale barabarani. Wanafungua moja moja, wanaonja kwa kifuniko, wanakataa yaliyoharibika, wanabishana na dereva mpaka anaapa hatarudi tena. Kesho anarudi. Binti yangu alikuwa na ulimi. Akionja anakuambia huyu ngamia amekunywa maji ya chumvi, na ukimuuliza mchungaji, ni kweli.

Halafu ukaja ule ukame. Ngamia wakasogezwa mbali kutafuta majani, wengine wakabaki huko huko mifupa. Lori likaanza kuja nusu, kisha mara moja kwa wiki, kisha likaacha kuja. Siku moja alasiri tulikuwa tunakaanga buni kwa samli, buni nzima na ganda lake, vile tunafanya sisi Waborana wageni wakija au hata wasipokuja. Akaniambia bila kuniangalia, anakoroga tu.

"Ayo, nimepata karatasi ya kwenda Uarabuni. Kazi ya nyumba."

Ayo ni mama kwetu. Niliinuka, nikatoka nje kufunga mbuzi, na hao mbuzi walikuwa wameshafungwa.

Watu wangu wote wananijua hivyo. Mimi sigombani sana. Mimi nikiinuka, maneno yamekwisha. Marehemu mume wangu alikuwa ananiambia, "Afadhali ungenitukana, nijue ulipo." Lakini nilikuwa nimelelewa hivyo na mama yangu, na nyumba yangu iliendeshwa hivyo, na watoto walikula, walisoma, hakuna aliyeharibika. Sikuona ubaya wake.

Siku ya kuondoka alikuja kuniaga na begi lake. Kwetu mtu akisafiri mbali mama yake humpaka siagi kidogo kwenye paji la uso, anamwombea kwa sauti mpaka wote waliopo waitikie. Mimi nilimpa mkono. Nikamwambia, "Haya, gari lisikuache." Akaenda.

Aliniachia msichana wake, ambaye ni mjukuu wangu. Baba ya huyo msichana alikwenda zake zamani, habari yake haitusaidii hapa. Msichana alikuwa anasoma mambo ya kompyuta katika chuo hapa mjini, na mama yake alipopata kazi huko ndipo akatununulia mashine. Ilikuwa ya mezani, iliyotolewa katika ofisi fulani ilipokuwa inabadilisha vitu vyake. Sanduku chini ya meza, kioo juu, na kajicho ka kamera kamefungwa juu ya kioo kwa mpira wa kufungia mboga. Intaneti tulivutiwa waya kutoka kwa jirani yangu, mama wa Kimeru mwenye duka la unga. Mashine ikakaa chumba cha mbele. Nyumba ilikuwa na mimi, huyo msichana, na mke wa mwanangu wa Marsabit na watoto wake wawili wadogo.

Sasa, hapo kwenye nyumba anakofanya kazi binti yangu, mama mwenye nyumba anafungia simu yake kabatini. Anampa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na kabla ya jioni anaichukua tena. Kwa hiyo Ijumaa saa nane sisi sote tunakaa mbele ya kioo. Simu ya mjukuu ilikuwa imeanguka kwenye karai la maji ikafa, na yangu na ya mke wa mwanangu ni zile ndogo za vibonyezo, hazina picha. Tulikuwa na hiyo mashine tu.

Na mimi nilikuwa na sheria moja kuhusu hiyo mashine. Muadhini akianza Alasiri, nyumba inyamaze. Redio izimwe, televisheni izimwe, kompyuta izimwe. Mke wa mwanangu alishika hiyo sheria siku ya kwanza. Mjukuu ndiye alikuwa na maneno.

"Akko, dakika moja tu." Akko ni nyanya.

Kwa dakika yake moja ningeweza kupika githeri, mahindi na maharagwe, ikaiva. Nikasimama mlangoni na udhu wangu umeshakauka. Siku moja nikamwambia hiyo mashine nitaibeba niifungie na mbuzi. Akaona sifanyi mchezo. Akasema, "Basi Akko, nitaiambia ijizime yenyewe. Nitaiwekea saa za sala, ikifika Alasiri inafunga. Hutagombana na mtu."

Nilifurahi. Mwanzoni ilikuwa inafanya hivi: saa ikifika, kunatokea maandishi katikati ya kioo, yanauliza, nizime au ningoje? Na huyo msichana, mnadhani alibonyeza wapi? Kila siku alibonyeza ningoje. Nilimvumilia siku nne, ya tano nikaingia.

"Hiyo inasema nini?"

"Inauliza tu, Akko."

"Inamuuliza nani?"

"Mtu anayetumia. Labda ana kazi hajamaliza."

"Mimi nikikuita, nakuuliza kama unataka kuja?"

"Hapana, Akko."

"Ondoa hilo swali."

"Akko, si vizuri. Mashine zote duniani zinauliza. Mtu anaweza kuwa..."

"Nimesema ondoa."

Akaondoa. Siku hiyo alikuwa na hasira, akaondoa na zaidi. Akafanya kwamba hata kama kuna kitu kimefunguliwa kinakataa kufungwa, mashine inakifunga kwa nguvu. Ikabaki namba ndogo tu pembeni ya kioo, chini kabisa, zinashuka kutoka sitini mpaka sifuri. Hakuna pa kubonyeza. Alinionyesha, nikasema sawa, sasa hiyo ni mashine yenye adabu.

Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nawaambia mapema ili mtu asije akasema ni ya msichana.

Ijumaa ile binti yangu hakupiga saa nane. Saa tisa ikafika, hakuna. Mke wa mwanangu akaenda kufua, watoto wakatawanyika. Nikabaki na mjukuu. Nikasema labda huko kwao kuna wageni, wamemshika jikoni. Tulikuwa tumeshakata tamaa kioo kilipoanza kulia, naye akatokea, amejifunga mtandio haraka, nyuma yake kuta za vigae vyeupe. Alikuwa amejificha chumba cha kufulia.

Hatukusalimiana sana.

"Ayo, sina muda, wageni bado wako. Nina neno. Mkataba wangu umeisha. Mtu wa ofisi anakuja kesho asubuhi na karatasi. Nikitia sahihi ni miaka miwili tena. Nisipotia, nakuja nyumbani."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nakuuliza wewe."

Nilikuwa nimemkumbuka yule mtoto, jamani. Nilikuwa namkumbuka kwa vitu vya kijinga. Jinsi anavyokohoa kabla ya kuongea. Jinsi anavyovua viatu kwa kukanyaga kisigino cha kimoja kwa kingine, nami namgombeza kwamba anaua viatu. Tangu aende, viatu mlangoni vilikuwa vimepangwa sawa, na sikuwa napenda kuviangalia.

Akasema tena, polepole, "Ayo, nikija, utanipokea? Au bado umeniinukia?"

Neno lenyewe ni dogo. Njoo. Mtoto wa mwaka mmoja analijua. Lakini mimi sikuwa nimezoea kulisema kwa mtu aliyenikosea, na kichwani mwangu alikuwa bado amenikosea. Nikawa nalitafuta mahali pa kulianzia. Nilikuwa nataka nianze na kumwuliza kama anakula vizuri, ndipo nifike hapo.

Mjukuu ndiye aliyeona zile namba pembeni.

"Akko, sema haraka!"

Nyumbani kwangu hakuna mtu aliyewahi kuniambia haraka. Nikageuka nikamwangalia. Nikamwambia, "Wewe unamwambia nani haraka?"

"Akko, inafunga! Mjibu!"

"Usinipigie kelele mbele ya mama yako!"

Ndivyo nilivyotumia dakika yangu. Nilipewa sitini zile, nikazitumia kumfundisha msichana adabu. Yeye akaacha kuniangalia, akawa anapiga vibonyezo vyote kama mtu anayeua siafu. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Izuie!"

"Haizuiliki! Si uliniambia nitoe!"

Nikageukia kioo. Binti yangu alikuwa bado yuko, mdomo umefunguka kidogo, ananiangalia. Nikasema, "Njoo." Lakini hapo kioo kilikuwa kimeshakuwa cha buluu, na maandishi ya kuaga, na mashine inanguruma chini ya meza inajifunga. Ikanyamaza. Msikiti ukaanza kuadhini, saa ile ile, kama nilivyotaka.

Mjukuu aliiwasha tena papo hapo. Mashine ya zamani haiwaki kama simu. Inafikiri, inahesabu vitu vyake, inafikiri tena. Mpaka ifunguke, mama yake hakuwepo, simu ilikuwa imerudi kabatini. Akaandika, "Mama, Akko anasema njoo. Ni kompyuta ilijizima." Ujumbe ukakaa na alama moja tu pembeni, ile inayomaanisha haujafika. Tulipiga namba ya ile ofisi iliyompeleka, ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa Ijumaa, labda walishafunga. Jumamosi tukapiga tena, hivyo hivyo. Nilisali Alasiri yangu, na sijui nilisoma nini.

Wiki nzima ule ujumbe ulikaa na alama yake moja. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kukaa anaangalia alama. Nilikuwa napita chumba cha mbele nikijifanya natafuta ufunguo. Mjukuu anasema bila kuulizwa, "Bado, Akko."

Ijumaa iliyofuata alipiga saa nane kamili. Mtandio umefungwa vizuri, uso mkavu. Akatusalimia wote, akauliza hali ya watoto. Mimi nikamkata.

"Kwa nini hukungoja nikujibu?"

"Ayo, si ulinijibu?"

"Nilikujibu nini?"

"Uligeuza uso. Ukafoka. Ukazima."

"Sikuzima mimi."

"Ayo." Akatabasamu, ile tabasamu ya kuvumilia mtu. "Ujumbe nimeuona. Lakini mimi nakujua."

Mjukuu akaingilia. "Mama, ni kweli, ilijizima yenyewe. Mimi ndiye niliiweka ijizime saa ya Alasiri."

"Na nani alikwambia uiweke?"

Msichana akaniangalia. Nampa heshima yake kwa hilo, alikuwa na nafasi ya kunichoma na hakunichoma.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilimwambia. Ilikuwa inauliza kwanza. Nikamwambia aondoe."

Binti yangu akacheka, lakini si kicheko. "Basi ulizima wewe, Ayo. Ulizima mapema tu."

Nikamwambia njoo. Nililisema wazi, mke wa mwanangu anasikia, watoto wanasikia, na jirani yangu Mmeru alikuwa amekuja kuangalia waya wake naye akasikia. Nikalisema mara ya pili.

"Nimeshatia sahihi, Ayo," akasema. "Nilitia Jumamosi. Sasa siwezi."

Miaka miwili. Nyinyi vijana mnasema miaka miwili kama mtu anayetema mate. Subirini mfike umri wangu mjue miaka miwili inatoka kwenye mfuko gani.

Aliporudisha simu, watu wakatoka mmoja mmoja. Nikabaki na mjukuu. Nikamwambia, "Rudisha lile swali."

"Sasa unalitaka?"

"Usinipande kichwani. Rudisha."

"Sitarudisha lile la zamani," akasema. Alikuwa ameshika kidevu kama fundi anayeangalia ukuta wa mtu mwingine. "Lile lilikuwa dogo, na lazima ushike mausi, ulenge. Wewe mausi huwezi. Nataka kitu ambacho hata ikiwa imeshaanza kufunga, mtu yeyote anaizuia."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, Akko."

Alikaa nayo siku kadhaa. Nilikuwa nakaa karibu nachambua mchele, namuuliza maswali. Nilitaka kujua mashine ikiambiwa jizime inafanya nini hasa, kwa sababu mimi nilidhani ni kama taa, iko au haiko. Akanieleza. Inaanza kwa kuambia kila kitu kilichofunguliwa, wewe funga, wewe funga, mmoja baada ya mwingine. Vikishafunga vyote ndipo inajifunga yenyewe, ndipo stima inakatika. Akasema kuna amri ya kuisimamisha njiani, ilikuwepo siku zote, lakini lazima uijue kwa kichwa, uiandike kwa Kiingereza bila kukosea herufi, ndani ya ile dakika.

"Wewe ulikuwa unaijua?"

Akainamisha kichwa. "Nilifundishwa. Siku ile nilisahau. Herufi zilikuwa zinanikimbia."

Nikamwacha. Mimi ndiye niliyekuwa namfokea wakati herufi zinamkimbia.

Mara ya kwanza aliniita nijaribu. Akafungua picha za mama yake ziwe kioo kizima, akaiambia mashine ijizime, namba zikaanza, kubwa sasa, katikati. Nikabonyeza aliponionyesha. Namba zikasimama. Mashine haikuzima. Lakini picha za mama yake zilikuwa zimeondoka, kioo kitupu.

"Imeenda wapi?"

"Ilikuwa imeshafungwa. Mashine tumeizuia, lakini yenyewe ilikuwa imeshaambiwa funga."

"Kwa hiyo siku ile kama ingekuwa hii, ningebonyeza, mashine ingebaki na mama yako angepotea?"

Akafikiri. "Ndiyo, Akko."

"Basi hiyo si kitu. Umezuia mlango na mtu ameshatoka dirishani. Fanya ianze kuuliza kabla haijagusa chochote. Isimwambie yeyote funga mpaka dakika iishe."

Akasema mwalimu wake angependa kunisikia. Nikamwambia mwalimu wake ana kazi zake. Lakini nilifurahi, siwafichi.

Akabadilisha. Sasa ile dakika nzima mashine haigusi kitu. Inahesabu tu, na inalia kidogo ili hata aliye jikoni asikie. Neno aliandika kwanza kwa Kiingereza, nikakataa. Akaandika GHAIRI. Nikamwambia hilo neno nalisikia kwa redio tu, hapa Isiolo nani anaghairi? Andika NGOJA. Akaandika NGOJA, kubwa, jekundu.

"Na mtu abonyeze wapi?"

"Popote. Kibonyezo chochote."

"Popote hapana. Mtoto akipita anaegemea, mashine haitazimika mpaka Idi. Chagua kimoja."

Tukachagua ile mbao ndefu ya chini, inayoacha nafasi kati ya maneno. Hata ukiwa hujui kusoma, hata ukiwa umeshika mtoto, mkono unaipata.

Tukamwita jirani Mmeru ajaribu, kwa sababu yeye hajawahi kugusa kompyuta, anauza tu waya wake. Akaja na unga mikononi.

"Mnataka niharibu kitu halafu mseme Mmeru ameharibu."

"Mama, subiri ilie, halafu fanya unavyoona," mjukuu akamwambia.

Ikalia. Namba zikaanza kushuka. Akaruka nyuma. "Wee! Inataka kulipuka!" Kisha akasoma lile neno jekundu, akaangalia vibonyezo, akapiga ile mbao ndefu kwa kiganja kizima, unga ukaruka mpaka kwenye kioo. Mashine ikatulia. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa mama mkali wa mtaa huu naye ameweka ngoja nyumbani kwake. Nitawaambia watu wa duka."

"Waambie."

"Wewe na ngoja! Siku ile nilichelewa na waya wako nusu saa, si nusura unipige?"

"Hiyo ni waya. Toka na unga wako."

Kulibaki ugomvi mmoja kati yangu na mjukuu. Yeye alitaka mtu akibonyeza ngoja, mashine inyamaze mpaka kesho. Nikasema hapana, hapo tutarudi kwa dakika yako moja isiyokwisha. Iulize tena baada ya dakika kumi. Akasema, na kama mtu bado anaongea? Nikasema abonyeze tena. Kama jambo lina maana, kubonyeza mara ya pili hakutamchosha. Akakubali, na mpaka leo iko hivyo. Sala nayo sikuiacha. Nilikaa nikafikiri kwamba hata Alasiri Mungu ametuwekea nafasi yake, haikuwa lazima mguu utoke chumbani na sauti ya muadhini. Mimi ndiye niliyeifanya iwe nyembamba vile.

Ijumaa nyingi zilipita bila kuihitaji. Alikuwa anapiga saa nane, anamaliza mapema. Na nilianza kusikia jambo ambalo sikulijua zamani: alikuwa anamaliza kabla yangu. Kila mara kabla sijachoka, kabla sijasogeza hata kiti, anasema, "Haya Ayo, nisikuchoshe, ukasali." Anaharakisha kuaga ili nisimwinukie. Alikuwa anafanya hivyo toka lini? Nadhani toka utoto. Nilikuwa nadhani ni adabu.

Halafu ikaja Ijumaa alipochelewa tena. Tulikuwa wote mbele ya kioo. Mtoto wa nyumba ile, msichana mdogo ambaye binti yangu anamlea, alikuwa mapajani mwake. Binti yangu akasema, "Ayo, sikiliza." Akamnong'oneza mtoto. Yule mtoto wa Kiarabu akainua vidole vyake vinene, akaanza: "Tokko, lama, sadi." Moja, mbili, tatu, kwa Kiborana chetu, na sauti ya puani ambayo ni ya binti yangu kabisa. Anafika sadi anasahau, anaanza tena. Wajukuu wangu wakaanza kumsaidia kutoka huku, wanapiga kelele, "Afur! Afur!" Nne, nne.

Ikalia. Namba zikaanza kushuka katikati ya uso wa yule mtoto.

Binti yangu aliusikia ule mlio. Uso wake ukabadilika, nikaona vile ulivyokuwa siku ile, isipokuwa safari hii nilikuwa naangalia. Akaanza kusema, "Haya Ayo, nisiku..."

Nikapiga ile mbao ndefu. Namba zikaondoka.

"Endelea," nikasema.

Msikiti ukaanza. Aliusikia kupitia mashine. Akawa ananingoja niinuke, watoto nao wakaacha kuhesabu, na mke wa mwanangu akaniangalia.

"Ayo, adhana."

"Naisikia."

"Huinuki?"

"Nitasali. Alasiri ina nafasi. Mtoto amefika ngapi?"

Alikohoa kabla ya kuongea, kile kikohozi chake. Mtoto akasema sadi. Tukakaa hivyo tunaangaliana. Nikamwambia amekonda, akasema ni kamera. Nikamwambia kamera haikondeshi mtu. Akaniuliza magoti, nikasema yapo. Mashine ikauliza tena, nikaipiga tena. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba safari hii wakileta karatasi hataniuliza tena, atakuja tu. Nikamwambia usiniulize. Bado ni mwaka na miezi, sijui mingapi, sikutaka kuhesabu mbele yake. Hatimaye mtu akamwita kutoka ndani, akasimama na mtoto kiunoni.

"Ayo, sasa mimi ndiye naenda."

"Haya. Nenda salama, mama yangu."

Sikumbuki lini nilimwita hivyo mara ya mwisho. Kioo kikarudi kuwa na picha ya majani. Nikakaa kidogo, halafu nikawaita wote waliokuwa ndani ya nyumba, hata wale wadogo, nikawaambia:

"Kuanzia leo, mtu wetu aliye mbali akipiga, hakuna wa hapa atakayekata, na hakuna atakayeinuka. Yeye ndiye ataaga kwanza. Mwenye kazi aifanye baadaye. Sasa kachukueni maji, tusali."